Siku Moja Milimani Kolo

Nasema nanyi nyote mliokusanyika katika madarasa ya watu wazima, na hasa ninyi wa Busi na vijiji vingine vya Kondoa, kwa sababu somo la leo linahusu nchi yenu. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwenye maandishi haya mbele yake na afuate kwa kidole, pole pole. Tukimaliza, mwalimu wenu atayasoma tena pamoja nanyi, fungu kwa fungu.

Leo nataka tutembee. Tutakwenda milimani kwa siku moja, tutapiga picha, na jioni tutarudi nyumbani. Safari hii tutaifanya kwa maneno, lakini natumaini siku moja mtaifanya kwa miguu.

Labda wewe mama unacheka moyoni. Unasema, “Kupanda mlima ni kazi, si matembezi. Mimi nimepanda tangu utoto wangu nikitafuta kuni.” Na wewe mzee unasema, “Mimi nimepanda nikitafuta mbuzi waliopotea.” Ni kweli. Lakini leo hatuchukui panga, wala kamba, wala fimbo ya kuchungia. Tunachukua macho yetu, kamera, na daftari. Mtu anayetafuta mbuzi huona mbuzi tu. Leo tutatafuta kuona mlima wenyewe.

*Kuwinda majani*

Kwanza nitawaambia habari ya watu wa mbali. Katika nchi ya Japani, huko Asia, kuna majira ya baridi kali. Kabla ya baridi hiyo kufika, kuanzia mwezi wa Septemba mpaka Novemba, majani ya miti mingi hubadilika rangi. Rangi ya kijani huondoka, na ile ya njano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani huonekana. Miti mingine hutengeneza rangi nyekundu. Mlima mzima huwa kama moto usiounguza. Kisha majani hupukutika.

Wajapani hupenda sana kwenda milimani siku hizo. Wana neno lao, *momijigari*, na maana yake ni kuwinda majani mekundu. Mwindaji huyu hana upinde. Hupanda, hutazama, hupiga picha, hula chakula chake alichofunga, na hurudi nyumbani kabla ya usiku. Karibu na mji mkuu wao, Tokyo, kuna mlima uitwao Takao. Urefu wake ni mita 599 tu, kwa hiyo mtu aweza kuupanda na kushuka kwa siku moja. Njiani kuna hekalu la zamani, na wapandaji hupita hapo kwa heshima, kwa maana mlima ule ni mahali pa ibada pia. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa, je, sisi hatuna majira ya majani mekundu? Tunayo, ila yetu huja kwa njia nyingine. Ninyi mnaokaa katika milima ya Kondoa mnaijua miyombo. Mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha na ardhi ni kavu kabisa, miyombo huchipua. Majani yake machanga huwa mekundu, ya rangi ya shaba, kabla ya kugeuka kijani. Kule Japani wekundu ni kwaheri ya majani yanayokufa. Kwetu wekundu ni hodi ya majani yanayozaliwa. Basi safari yetu tuifanye mwezi wa Oktoba, na tuende Kolo.

*Kujitayarisha*

Kolo iko kaskazini ya mji wa Kondoa, katika barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Wewe uliye Busi, ondoka alfajiri. Ukiwa na gari la abiria au pikipiki, utafika mapema, na mapema ndiyo saa njema. Sababu ya kwanza ni jua. Sababu ya pili ni mwanga, nami nitaieleza baadaye.

Chukua maji ya kunywa ya kutosha, kwa maana mwezi wa Oktoba huwezi kutegemea maji ya makorongo. Chukua chakula. Vaa viatu vinavyoshika mguu, kwa kuwa mawe yana ncha na njia ina changarawe inayoteleza. Vaa kofia, au jifunge kitambaa kichwani. Usiende peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Ukipita penye mapango ya miamba, tazama kwanza kabla ya kutia mkono wako, kwa sababu nyoka na nyuki nao wanapenda kivuli.

Kama una kamera, vizuri. Kama huna, simu ya mkononi yenye kamera itatosha. Hakikisha ina moto wa kutosha. Kama huna simu, chukua penseli na karatasi uchore. Waliokuja Kolo kabla yako walichora pia, na kwa ajili ya michoro yao ndiyo tunakwenda.

*Piga hodi*

Kolo hatuendi moja kwa moja mlimani. Kuna kituo cha mambo ya kale pale kijijini. Fika hapo, salimu, lipa ada ya kuingia, na upate mwongozaji. Usione kuwa ni usumbufu. Ukienda kwa jirani yako huingii shambani mwake bila hodi, sembuse mahali panapolindwa kwa ajili ya taifa zima.

Tena si taifa letu tu. Mwaka 1937 serikali ya wakati ule ilitangaza kwamba michoro ya miamba ya Kondoa ni ya kuhifadhiwa. Na mwaka 2006 shirika la Umoja wa Mataifa liitwalo UNESCO liliitia michoro hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336. Mahali penye michoro ni pengi hata hesabu yake haijakamilika: wataalamu husema ni kati ya 150 na 450. Wengi wenu mmezaliwa karibu na hazina hiyo, na pengine hamjaiona bado.

Ukikutana na wazee njiani, simama uwasalimu. Kama unataka kumpiga picha mtu, muulize kwanza. Akikataa, mshukuru, uende zako. Picha ya mtu ni sura yake, na sura ni mali ya mwenyewe.

*Njia ya kupanda*

Haya, tupande. Njia ya kwenda kwenye mwamba mkubwa, ambao watu huuita Mungomi wa Kolo, huanza kwa upole, kisha hupanda kwa ukali. Usikimbie. Mwendo mzuri wa mlimani ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako bila kuhema.

Simama penye miyombo. Jua bado liko chini. Sasa nitaeleza habari ya mwanga niliyowaahidi. Picha hutengenezwa na mwanga. Kamera ni kama chumba chenye giza na dirisha dogo. Mwanga huingia dirishani na kuacha alama ndani. Saa sita mchana jua huwa juu ya kichwa, mwanga ni mkali, na vivuli ni vifupi na vyeusi. Nyuso za watu huwa na giza machoni, na mlima huonekana kama ukuta. Asubuhi na alasiri mwanga huja kwa ubavu. Hapo kila jiwe lina upande mweupe na upande mweusi, na mlima huonekana umbo lake.

Jaribu hivi. Tazama tawi moja la majani machanga jua likiwa nyuma yako. Kisha zunguka, ulitazame tawi lile lile jua likiwa nyuma yake. Mara ya kwanza jani ni jekundu tu. Mara ya pili jua linapita ndani ya jani, nalo linawaka kama taa, na mishipa yake yote inaonekana. Jani ni lile lile, tawi ni lile lile. Wewe ndiwe uliyehama. Hilo ni fundisho la kwanza la kupiga picha: hamisha miguu yako kabla ya kubonyeza.

*Mbele ya mwamba*

Sasa tumefika. Mwamba umejitokeza mbele kama paa la nyumba, na chini yake pana kivuli. Acha macho yazoee. Kwanza huoni kitu ila mawe. Kisha unaona doa jekundu. Kisha doa lina shingo, lina miguu. Ni mnyama. Pembeni yake yuko mtu mrefu, mwembamba kama unyasi, kichwa chake kikubwa kama chenye nywele zilizotimka. Katika miamba ya Kondoa utaona tembo, utaona twiga, utaona pofu, na watu warefu kama hawa, wengine wamesimama, wengine wameinama.

Rangi nyekundu ilitokana na udongo na mawe yenye kutu ya chuma, yaliyosagwa na kuchanganywa. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, nayo huaminiwa kuwa kazi ya watu waliowinda na kukusanya matunda na mizizi. Juu yake mahali pengine utaona michoro myeupe, minene zaidi. Hiyo ilikuja baadaye, na huhusishwa na wakulima na wafugaji. Kwa hiyo mwamba mmoja una kurasa nyingi, moja juu ya nyingine. Umri wake hasa ni vigumu kuupima, lakini watu wamekuwa wakichora katika nchi hii kwa miaka 2,000 na zaidi. Na watu wenyewe waliishi chini ya miamba hii tangu kale sana. Pale Kisese, katika nchi hii hii ya Kondoa, mtaalamu Ray Inskeep alichimba mwaka 1956. Katika vitu vilivyopatikana mahali hapo mna shanga za maganda ya mayai ya mbuni, nazo zilipopimwa miaka ya karibuni zilionekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 40,000.

Utauliza, “Maana ya michoro hii ni nini?” Hapo ndipo penye shida, na ndiyo shida ninayotaka mwikumbuke kuliko yote niliyosema.

Kuna mchoro mmoja maarufu hapa Kolo. Umeonyesha watu watano. Mmoja yuko katikati, na huonekana kama mwanamke. Wawili wako upande huu, wawili upande ule, nao kama wanamvuta mikono. Bibi Mary Leakey, aliyeinakili michoro hii, aliona kwamba mwanamke anatekwa, na wengine wanajaribu kumzuia asichukuliwe. Wataalamu wengine waliokuja baadaye wakasema sivyo. Wakaona ni ngoma ya kutibu, na wenzake wanamshikilia mtu aliyepandwa na nguvu za ngoma asianguke. Wengine wakaenda kwa Wasandawe, jirani zenu, ambao wazee wao walikuwa wawindaji na ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi, wakitafuta fununu katika mila zao.

Je, ni vita au ni dawa? Ni machozi au ni furaha? Mchoraji alijua. Watu wa kijiji chake walijua. Lakini hawakuwa na maandishi. Walipokufa, maana ilikufa pamoja nao. Picha imebaki, imekuwa bubu. Inatutazama, nasi tunaitazama, na hakuna wa kuizungumzia.

*Maji yanayoua*

Mkaribie mwongozaji wako, umwulize kwa nini mahali pengine michoro imefifia sana. Jua na upepo vimefanya kazi yao, na maji ya mvua yanayotiririka mwambani. Lakini wanadamu nao wamefanya kazi mbaya, na wengine walikuwa na nia njema kabisa.

Zamani watu walikuja na kamera, wakaona michoro imefifia. Wakachukua maji, wakaumwagia mwamba. Rangi ikikolewa na maji hung'aa kwa muda mfupi, kama jiwe la mtoni linavyong'aa likiwa limelowa. Wakapiga picha, wakafurahi, wakaenda zao. Lakini maji yakikauka huacha chumvi na vumbi juu ya rangi, na kila safari utando huo huongezeka, na mwisho mchoro hufunikwa au hubanduka. Picha yao ilikuwa nzuri, na kwa ajili ya picha hiyo walikula kitu kile kile walichokipenda.

Basi, shika amri hizi. Usimwagie mwamba maji wala soda wala kitu chochote. Usiguse mchoro kwa mkono, kwa maana mkono una jasho na mafuta. Usiuchore kwa chaki ili uonekane. Usiandike jina lako. Najua mtu aliyejifunza kuandika jina lake hupenda kuliandika kila mahali. Ni furaha ya haki. Liandike katika daftari, liandike katika hati ya shamba, liandike katika barua kwa mwanao. Katika mwamba huu usiliandike. Na taa ya kamera usiiwashe, kwa sababu humulika mwamba kwa mbele na kuufanya uwe mweupe bila umbo. Subiri mpaka mwamba wote uwe kivulini, shikilia kamera kwa mikono miwili, egemea kitu kisichokuwa mwamba wenye michoro, zuia pumzi, kisha bonyeza.

Utasema, “Lakini bila maji picha yangu haionekani vizuri.” Siku hizi kuna dawa ya jambo hilo, na dawa hiyo haigusi mwamba. Mmarekani Jon Harman alitengeneza programu ya kompyuta iitwayo DStretch. Huchukua picha ya kawaida na kuikuza tofauti ya rangi, hata wekundu ambao jicho halikuuona hutokea. Kwa hiyo picha yako uliyoipiga bila kugusa kitu yaweza kuonyesha zaidi ya ile ya mtu aliyemwaga maji.

Na msidhani kwamba vyote vimekwisha kugunduliwa. Mwaka 2018 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, aliona katika pori la akiba la Swaga Swaga, katika mkoa huu wa Dodoma, mwamba wenye michoro ambao wataalamu hawakuwa wameuandika bado. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Wapo humo watu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Pengine upo mwamba mwingine juu ya kijiji chako ambao wachungaji wanaujua na wataalamu hawaujui. Ukiuona, usiuguse. Piga picha, kisha toa habari kwa serikali ya kijiji.

*Jambo gumu*

Kuna jambo jingine, na sitalificha kwa sababu ni gumu. Miamba ya Kolo si kitu cha kutazamwa tu. Wenyeji wamekuwa wakifanya matambiko huko, kuomba mvua na kuombea wagonjwa, tangu kabla ya kamera ya kwanza kufika. Katika matambiko mengine pombe humwagwa, na pombe nayo ikifika kwenye michoro huidhuru. Wahifadhi husema, “Mnaharibu urithi.” Wazee husema, “Urithi ni wetu, nao uko hai. Ninyi mnautaka uwe umekufa.” Nani ana haki?

Mimi nadhani pande zote mbili zinapenda kitu kimoja. Mwenye kuomba mvua hataki mwamba ufe, na mwenye kulinda michoro hana sababu ya kumfukuza mzee. Dawa ni kuketi pamoja, na kupatana mahali pa kumwaga na mahali pa kuacha. Lakini wewe mpiga picha una wajibu wako. Ukikuta tambiko, shusha kamera. Rudi nyuma, usubiri, au uulize kama unaruhusiwa. Wale Wajapani wapitao penye hekalu lao hupita kwa heshima, na mgeni hutarajiwa afanye vivyo hivyo. Mlima wako haustahili heshima pungufu ya wao.

Na wako waliokuja usiku na majembe, wakachimba chini ya miamba wakitafuta hazina ambayo eti Wajerumani waliizika. Ndugu zangu, mchanga ule ndio hazina. Ndimo zinamokaa shanga kama zile za Kisese, na makaa ya moto wa kale, kila kitu katika tabaka lake. Mtu akiuvuruga ni kama amechana kitabu kabla hakijasomwa.

*Tazama chini*

Kabla ya kushuka, geuka utazame bonde. Unaona makorongo, mekundu kama vidonda. Ninyi mnaijua habari yake. Udongo wa Kondoa ulikuwa ukichukuliwa na maji miaka mingi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limeharibika zaidi. Jambo hilo lilileta majani na miti, na lilileta uchungu pia, kwa maana ng'ombe ni akiba ya mtu, ni mahari yake, ni maziwa ya watoto wake.

Ni wangapi kati yenu mnaweza kumwonyesha mjukuu jinsi bonde lilivyokuwa mwaka ule? Wazee wanakumbuka, lakini kumbukumbu za wazee wawili hazilingani, na mjukuu hajui amwamini nani. Hapa kamera ni shahidi mwema. Chagua jiwe moja la kusimama. Piga picha ya korongo. Mwakani, mwezi ule ule, saa ile ile, simama juu ya jiwe lile lile, upige tena. Baada ya miaka kumi utakuwa na picha kumi, na korongo haliwezi kukudanganya kama linapona au linakula shamba.

*Picha isiwe bubu*

Sasa tunashuka. Magoti yanatetemeka kidogo; ni kawaida. Tuketi chini ya mti, tule, tufungue daftari.

Bibi Mary Leakey na mumewe Louis Leakey walifanya kazi Kondoa mwaka 1951 kwa muda wa miezi mitatu. Alitandika karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, akafuata kila mstari wa michoro. Alinakili watu na wanyama wapatao 1,600. Na kila mara aliandika: mwamba gani, upande gani, rangi gani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, miaka 32 baadaye. Mtu anayetaka kujua leo mwamba fulani ulikuwaje mwaka 1951 hufungua nakala zile, kwa sababu picha zake zina maneno. Zingekuwa hazina maneno, zingekuwa karatasi tu.

Ndiyo maana nimewaleta Kolo, ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika. Katika simu za watu leo mna picha nyingi sana. Harusi, mazishi, mtoto aliyezaliwa, nyumba iliyobomolewa. Wenye picha wakiondoka, nani atajua yule bibi aliyesimama pembeni ni nani? Mchoraji wa kale ana udhuru, hakuwa na herufi. Wewe herufi umezipata, tena kwa taabu, usiku, baada ya kazi ya shamba. Usiziache picha zako ziwe bubu kama wale watu watano wa mwambani.

Kwa hiyo kila picha uipe maneno matano: mahali, siku, nani au nini, nani aliyepiga, na kwa nini. Andika katika daftari, si katika simu tu, maana simu huvunjika. Kwa mfano: “Kolo, Oktoba. Miyombo yenye majani machanga. Nimepiga mimi, Mama wa Busi. Kwa sababu mvua bado, na mti umeanza kuamini.” Tarehe na mwaka utajaza mwenyewe.

Mama niliyekutaja mwanzoni, uliyesema mlima ni kazi, ukienda tena kutafuta kuni inua macho mara moja kabla ya kuinama. Na jioni, mikono ikiisha kuoshwa, andika mstari mmoja. Kwaherini, na safari njema.

*Maneno ya kujifunza*

*Kuhifadhi*: kuweka kitu kisiharibike.
*Kunakili*: kuandika au kuchora tena kitu kama kilivyo.
*Urithi*: kitu tulichoachiwa na waliotutangulia.
*Ushahidi*: jambo linaloonyesha kwamba neno ni la kweli.
*Bubu*: asiyeweza kusema.

*Maswali ya kuzungumza darasani*

1. Kwa nini majani ya miyombo huwa mekundu mwezi wa Oktoba, na yale ya Japani huwa mekundu kwa sababu gani?
2. Maji hufanya nini yakimwagwa juu ya michoro?
3. Wewe ungewaambia nini wazee na wahifadhi wakigombana juu ya mwamba mmoja?
4. Ni mahali gani katika kijiji chenu panafaa kupigwa picha kila mwaka? Kwa nini?

*Zoezi la kuandika*

Lete darasani picha moja ya nyumbani kwako, iwe ya karatasi au ya simu. Iandikie yale maneno matano. Kama yako usilolijua, mwulize mzee wa nyumbani leo, usingoje kesho.